Sinema ya Mwalimu Bahati

Harufu ya turubai lililopigwa na jua hunisimamisha hata leo, katikati ya soko, kikapu mkononi, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Ni harufu ya darasa langu la tatu.

Tulikuwa tumekimbia vita vya Pinga, mama na sisi watoto wanne, tukapata nafasi katika kambi ya kilimani karibu na Kalembe. Wazazi walipinda mianzi, wakafunika maturubai juu yake, na hiyo ikawa shule: kibanda kikubwa cha mviringo, chenye giza na joto, bila dawati hata moja. Mwalimu Bahati alipoingia siku ya kwanza alitazama juu kwa muda mrefu, kisha akacheka peke yake.

Akatueleza kwa nini. Kabla ya vita alipelekwa Ulaya mwaka mmoja kusomea ualimu, na huko akatembezwa katika makumbusho ya sayansi yenye sinema ya ajabu. Dari lake lilikuwa la mviringo, kama chungu kilichopinduliwa, na picha ilijaa dari zima. Watu waliegemea viti vilivyolala, picha ikawazunguka hadi wakasahau kwamba wameketi. Ndege ya kwenye picha ilipoinama juu ya bonde, Mwalimu alimshika mkono bibi mzee wa Kizungu aliyekuwa kando yake, na hakumwachia hadi taa zilipowashwa.

"Sasa, batoto, mulale chali," alisema. "Tuangalie filme."

Tangu siku ile, kila tulipomaliza hesabu, tulilala juu ya majani makavu, macho kwenye turubai, naye akasimulia. Tulipaa juu ya malisho ya Masisi, ng'ombe wakawa wadogo kama punje za maharagwe. Tuliingia juu ya msitu wa Walikale na kuufuata mto. Niamini, mimi niliviona.

Asubuhi moja tukiwa juu ya msitu, risasi zilianza kulia upande wa chini wa kambi. Watoto wawili wakainuka. Mwalimu alikuwa ameshalala mlangoni, ameuziba kwa mwili wake.

"Mulale. Mutu asiinue kichwa. Filme iko inaendelea."

Akaendelea kusimulia kwa sauti ileile ya kila siku. Mara kitu kikalipiga turubai, na tundu dogo la mwanga likatokea juu yetu. Rafiki yangu Furaha akalinyooshea kidole.

"Mwalimu, ile iko nini?"

Akamjibu: "Ile ni nyota. Tumepanda juu sana, njo maana unaiona. Usisimame, mama."

Alikuwa ametuahidi kwamba tungetua Hombo, kwenye barabara kuu, tukaone magari yanayotoka Bukavu. Hatukufika. Milio ilipokatika tu, aliruka akakimbia mteremko bila kutuaga, kiatu chake kimoja kikabaki mlangoni. Tulimngoja hadi mama zetu walipokuja kutuchukua. Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Aliporudi, macho mekundu, akatuambia tulale tuendelee na safari, mimi nilimpa mgongo. Nilimnunia siku nyingi. Hakunikemea.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu wawili, nilikuwa nikimenya maharagwe na mama alipoutaja ule mwaka. Kibanda alichoishi Mwalimu, alisema, kilikuwa kule chini, palepale risasi zilipolia. Mke wake alikuwa ndani na mtoto mchanga. Mwalimu alilijua hilo tangu mlio wa kwanza. Alimkuta mke wake chini ya kitanda, risasi imempita mguuni, mtoto akingali ananyonya. Wanaume wakambeba kwa machela hadi hospitali. Alipona, lakini alichechemea.

Niliweka bakuli chini. Nilimuuliza mama kama Mwalimu yu hai.

"Walihamia upande wa Walikale," alisema. "Wapi hasa, sijui."

Tangu hapo, kila dereva wa pikipiki anayefika kutoka upande wa Walikale namuuliza kama anamfahamu mwalimu mzee ambaye mkewe anachechemea. Ningependa kumsalimia, na kumwomba anisamehe.