Maji ya Kuwaonyesha Wageni

Mimi ni fundi wa kushona, na kwa hasira sina mshindani katika mtaa wetu wa Bagira. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba wakisikia cherehani yangu imenyamaza, wafunge madirisha, maana nimeanza kusema. Basi leo cherehani imenyamaza.

Hapa kwetu mwanamke akikaribia kujifungua, kitu cha kwanza anachotafuta si nguo za mtoto. Anatafuta bidoni, madumu ya kuchotea maji. Kituo chetu cha afya, cha serikali, kina maternite, yaani wodi ya wazazi, kina kitanda cha kuzalia, kina picha kubwa ukutani inayofundisha namna ya kunawa mikono kwa sabuni, na hakina maji. Kila mja mzito anachota yake mapema kwenye chemchemi iliyo chini kabisa migombani, anapanda nayo mlima, anaandika jina lake kwenye bidoni kwa rangi ya kucha, halafu anazipanga nje ya maternite chini ya dirisha. Hapo zinamngoja. Mtu haibi bidoni ya mwenye mimba. Hata walevi wetu wanalijua hilo. Tumeishi hivyo mpaka tumeona ni desturi, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Mdogo wangu alizalia hapo. Siku ile mkunga alikuwa ametoka kwa mama mwingine, maji yalikuwa yamekwisha, akapangusa mikono kwa kitambaa na kuendelea na kazi. Mtoto alitoka mzima, wa kike, ana sauti kama kengele. Baada ya siku chache homa ikampanda mdogo wangu, wala haikushuka tena. Mtoto nilimchukua mimi, nikamnyonyesha pamoja na wa kwangu, na mpaka leo mimi ndiye maman anayemjua. Amekua, ameolewa, na mwaka huu akashika mimba ya kwanza. Maternite ni ileile. Bidoni ni zilezile. Kliniki za kule Nguba, kando ya ziwa, zina maji ya moto na ya baridi, lakini mumewe anauza maharage Walungu, na bei za Nguba si za maharage.

Kwa hiyo Leta, maana serikali ndivyo tunavyoiita, iliposema imetoa fedha za kupeleka maji kwenye vituo vya afya, niliwasha mshumaa kanisani. Mafundi walikuja kweli. Wakajenga mnara wa saruji, wakapandisha tangi jeusi, wakasimamisha robine, koki ya maji, inayong'aa mbele ya mlango wa maternite, wakachimba mfereji wa kulaza bomba kuelekea barabarani, kwenye maji ya mji. Kisha wakaondoka kwenda kula mchana. Nadhani bado wanakula. Bomba lenyewe lilikuwa limefika kwenye shamba la mihogo la jirani, na hapo mdomo wake ukabaki wazi, unatazama mihogo.

Miezi ikapita. Halafu tukatangaziwa kanisani kwamba wakubwa wanakuja kuzindua maji.

Maji gani? Niliuliza swali hilo kwa sauti, palepale kwenye benchi, na kina mama wawili wakaniambia nishushe sauti. Jioni komite ya afya ya mtaa ikaita mkutano. Mwenyekiti wake ni mzee mpole, aliyekuwa mwalimu, mtu wa kukuombea samahani hata pale wewe ndiye uliyemkanyaga. Muuguzi mkuu wa kituo alikaa kando yake, uso umemsinyaa.

"Bamama," mwenyekiti akasema, "mugeni akikuya kwako, utamuonyesha chungu bila kitu? Utaenda kukopa unga kwa jirani, utamupikia. Njo desturi yetu. Sasa bakubwa banakuya. Tuchote mayi, tuyaze ile tangi, bapate kunawa mikono. Kiisha tutabaambia ile matatizo polepole."

Nikasimama. "Papa présida, huyu si mugeni. Huyu njo mwenye alikula unga!"

Watu wakacheka, wakadhani nimetia chumvi kwenye mkutano. Nikawakumbusha kwamba wazee walisema mficha uchi hazai. Mama mkwe wa mtoto wangu akajibu kwamba wazee haohao walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Akapigiwa makofi. Mimi nikapewa kazi ya kushona utepe wa kukata.

Siku yenyewe, alfajiri, njia ya chemchemi ilijaa wanawake kama siku ya hija. Wanaume walisimama juu ya ngazi wakimimina. Nilikwenda kutazama ujinga huo kwa macho yangu, na nani nakutana naye njiani? Mtoto wangu, tumbo mbele, bidoni kichwani, anaimba. Nilimpokonya ile bidoni nikamrudisha nyumbani kwa maneno ambayo sitayaandika. Lakini bidoni iliyojaa huwezi kuiacha katikati ya njia nyembamba, watu wako nyuma wanangoja. Ikabidi niipandishe. Mwenyekiti akaipokea kule juu, akanishukuru kwa moyo wangu wa kujitolea. Karibu nimmwagie.

Mkubwa akaja, akakata utepe wangu, akafungua robine, akanawa ncha za vidole, akafunga. Alipofunga, mtaa mzima ulishusha pumzi na kupiga makofi, nami nikapiga, kwa furaha kwamba maji yangu hayakumwagwa yote. Kwaya ikaimba. Kuhusu yale matatizo ya kuambiwa polepole, hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu mgeni alikuwa na haraka na si adabu kumshika mgeni miguu. Kesho yake robine ilikuwa kavu, na kina mama wakarudi chemchemini.

Mimba ikakua. Kila nikimtazama mtoto wangu anavyotembea ameshika kiuno, namwona mama yake. Usiku silali, mchana nakosea mishono. Nikaona heri niende mwenyewe kwenye ofisi inayosimamia vituo vyetu.

Nilipokewa na kijana mwenye adabu, shati limepigwa pasi vizuri kabisa. Nikamweleza bomba, mihogo, tangi, homa ya uzazi, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua simu yake, akatafuta kidogo, akanigeuzia kioo. Video. Maji yanatoka, mkubwa ananawa, na nyuma yake mwanamke mmoja anapiga makofi mpaka kitambaa cha kichwa kinataka kuanguka.

"Maman, si ni weye huyu?"

"Ni miye."

"Na hii inatoka mu robine, si ni mayi?"

"Ni mayi. Ni sisi tuliyachota."

"Sasa maman, mulichota juu ya nini?"

Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye majirani wanafunga madirisha kwa sababu yangu, nikaufunga, nikaanza kukaza kitambaa changu cha kichwa. Akanieleza, kwa upole uleule, kwamba mradi wa kituo chetu umefungwa, huko juu wameshajulishwa kwamba maji yapo, na fedha haziwezi kurudi kuleta maji mahali ambapo maji yapo. Njia ni moja tu: watu wa ukaguzi waje wajionee wenyewe kwamba robine ni kavu. Nikamwambia awalete. Nikamwambia hata kesho. Akaniahidi, na cha ajabu ni kwamba alitimiza ahadi.

Nilirudi Bagira nikiwa na furaha, nikatangaza habari kwa kila mlango: wakaguzi wanakuja, safari hii waone ukavu wetu. Kila mtu akanijibu vizuri, ndiyo maman, umefanya vema. Ningelijua, ningelikata ulimi wangu kwa mkasi wa kushonea.

Uchungu ulimshika mtoto wangu asubuhi ya siku hiyohiyo ya wakaguzi. Tulikwenda kituoni taratibu, yeye ameniegemea. Sikuwa na wasiwasi wa maji. Bidoni zake nilikuwa nimezijaza mwenyewe na kuzipanga chini ya dirisha, jina juu yake kwa rangi nyekundu. Nikamkabidhi kwa mkunga, nikazunguka nje kuchukua ya kwanza.

Chini ya dirisha palikuwa na bidoni nyingi, za kila mja mzito wa mtaa. Zote zimelala ubavu. Zote tupu.

Mwenyekiti alikuwa karibu na robine, amevaa koti lake la harusi. Nilipomfikia hakungoja swali. "Maman, usikasirike. Chemchemi inakauka na hii jua, batu banapanga foleni tangu jana. Bakikuta robine haina mayi, batasema ni sisi tuliiharibisha, muuguzi wetu atafukuzwa. Tutabarudishia bamama mayi yao mangaribi. Na bamesema kama bakifurahi, kuko phase ya pili ya mradi."

"Papa, mutoto wangu anazaa sasa hivi."

"Robine iko pale," akasema, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeamini kabisa anachosema. "Mayi yake iko mule ndani. Bageni bakishaenda, utafungua tu."

Wageni walikuwa wameshashuka garini. Wa kwanza kati yao, bwana mnene mwenye miwani, hakutaka hotuba. Yeye alikuja kukagua. Akafungua robine mpaka mwisho, akaiacha wazi, akarudi nyuma hatua chache akitazama maji yanavyomwagika kwa nguvu kwenye vumbi, huku mwenzake akipiga video. Maji ya bidoni za watu yakatengeneza kijito, kijito kikateremka kuelekea shamba la mihogo. Mama mkwe wa mtoto wangu ndiye aliyeshindwa kuvumilia kwanza. "Ekselansi, funga! Funga, Ekselansi, itaisha!"

Bwana akacheka kwa ukarimu. "Maman, usiogope. Mayi ya Leta haiishake."

Akaridhika, akakaa pamoja na wenzake chini ya turubai. Mwenyekiti alipofika kuifunga, robine ilikuwa inakohoa. Ikatoa tone, ikanyamaza.

Dirisha la maternite likafunguka. Mkunga alitoa kichwa, mikono yake ameinua juu kama padri, na ilikuwa na damu, kwa kuwa ndani kulikuwa na mama mwingine aliyemaliza punde hii. Hakupiga kelele. Alinitazama mimi tu, akasema, "Mayi, maman. Kichwa cha mutoto iko karibu."

Nikageuka. Robine kavu. Bidoni tupu. Chemchemi iko chini ya mlima, na foleni. Kisha nikaiona meza ya wageni. Komite ilikuwa imeitandika kitambaa cheupe, na mbele ya kila mgeni iko chupa ya maji ya dukani, imefungwa, imevishwa leso ya karatasi. Nilikwenda moja kwa moja. Nilitandaza kikwembe changu cha kiunoni nikaanza kuzitia humo, kutoka upande huu wa meza kwenda ule, bila kumsalimu mtu. Nilisikia mwenyekiti akisema nyuma yangu, "Maman, maman, maman," kama anayefukuza kuku bila kutaka kumuumiza. Bwana wa miwani alikuwa ameshaishika yake, anataka kuifungua. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni yake. Niliivuta. Akaivuta. Mimi nimekata vitambaa maisha yangu yote, vidole vyangu si vya mchezo. Ilikuja.

Ndani, mkunga alisimama juu ya beseni na mimi nikamimina. Chupa zile ni ndogo, zina mdomo mwembamba na vizibo vyake vimekaza, na mtu akiwa na haraka hazifunguki. Nilifungua kwa meno. Sabuni, maji, sabuni, maji, mpaka mikono ikawa myeupe, na mtoto wangu kitandani analia jina la Mama Maria. Nje nilimsikia mwenyekiti akiuokoa mkutano wake. Alikuwa anasoma shukrani. Kwa niaba ya wananchi wote wa mtaa, hasa akina mama, anaishukuru serikali kwa zawadi ya maji, maana maji ni uhai, na wageni wasamehe usumbufu mdogo uliotokea.

Mtoto akatoka wakati huo. Wa kiume, mwekundu, amekasirika kuliko mimi. Nasema mapema, asije mtu akahangaika: homa haikuja. Nilimlinda mama yake usiku na mchana, mkono wangu kwenye paji lake, na haikuja. Namshukuru Mungu na chupa zile, wala sina mwingine wa kumshukuru.

Lakini dakika ile hatukujua bado. Mkunga alikuwa anakata kitovu, nami nimeshika chupa ya mwisho, imebaki nusu, nawaza kama itatosha kumwosha mtu mzima aliyezaa. Nje makofi yakalipuka, marefu, na kwaya ikaanza.

Mtoto wangu akageuza kichwa kwenye mto, jasho limemlowesha. "Maman," akauliza, "banamupigia nani?"

"Banashukuru mayi," nikamwambia.

Akatazama ile nusu chupa mkononi mwangu, akanyoosha mkono. Alikuwa na kiu.