Kaka Yangu na Kitu Kidogo Kuliko Atomu

Karanga zikikaangwa kwa mchanga zina harufu yake, na mimi hadi leo nikiisikia naona maandishi. Pale Kongwa muuza karanga wetu alikuwa anafungia kwenye kurasa za kitabu cha fizikia cha wanafunzi, anachana moja moja. Kaka yangu Ndahani, yeye darasa la saba, mimi la tano, akawa hali chakula cha mchana ili hela yake anunulie karanga. Karanga ananipa mimi, karatasi anabaki nayo. Kiingereza kilikuwa kigumu, kamusi yenyewe imekatika mwisho, lakini aling'ang'ana mpaka kikaeleweka. Akanishikia karanga moja na ganda lake: hili ganda tuseme ni atomu, ndani kuna kiini, kwenye kiini kuna protoni, na kila protoni ina kwaki tatu. Elektroni ndiyo hakuna aliyewahi kuikuta na kitu ndani. Nikamuuliza kama hapo ndo mwisho. Akasema ukurasa unaofuata bado haujauzwa.

Basi kwenye jaribio la sayansi mwalimu akauliza kitu kidogo kuliko vyote ni kipi. Jibu lake yeye atomu. Kaka akaandika kwaki na elektroni, akawekewa kosa, akabisha. Kesho yake mwalimu mkuu akamsimamisha mstarini, shule nzima inaangalia: aseme amekosea, arudi darasani, afanye mtihani wa kumaliza. Asiposema, akamlete baba. Na baba, mzazi pekee tuliyebaki naye, alikuwa amehamishia ng'ombe upande wa Mtera kutafuta malisho, maana mvua ilitukataa mwaka ule. Hata yuko wapi hatukujua. Nikamwona kaka mdomo unafunguka, anataka kusema. Nikapaza sauti toka mstari wa la tano: "Usiseme, kaka. Wewe ndo uko sahihi."

Watoto wakacheka.

"Haya, profesa," mwalimu mkuu akamwambia, "msikilize wakili wako."

Kaka akafunga mdomo, akatoka getini. Baba alirudi mtihani umeshapita.

Siku hizi mimi nafundisha tuisheni Dodoma mjini, vitu nilivyojisomea mwenyewe, na nataja kwaki bila kumwogopa mtu. Kaka anaponda kokoto pembeni mwa mji, za haya maghorofa yanayoota kila siku. Macho mekundu kwa vumbi. Mwezi uliopita nilienda kumwambia, nimefurahi kweli, kwamba wanafunzi wangu wote sasa wanajua yeye ndiye alikuwa sahihi. Hakunyanyua kichwa.

"Mdogo wangu," akasema, "ungeniacha tu niseme atomu."

Mimi ni mtu wa kubisha, kila mtu ananijua. Siku ile nilikaa chini kwenye vumbi nikawa namsogezea mawe.