Aliitwa Kusafisha Vyombo, Akakuta Manowari

Saa moja asubuhi, Agosti 2021, Léonie Aksanti anapanda ngazi ya manowari, ndoo mkononi, barakoa usoni. Bandari ya Sydney iko kimya. Jumba la makumbusho linaloitunza manowari hiyo limefungwa tangu Juni kwa sababu ya korona, na kati ya meli zote za kivita, ndege na chombo kilichowahi kwenda angani, mgeni ni yeye peke yake.

"Naingia polepole," anasema. "Naona kama vyote vimelala, na mi sitaki kuviamsha."

Léonie, mwenye umri wa miaka 43, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, na mkazi wa Toongabbie, magharibi mwa Sydney, aliipata kazi hii bila kujua ni kazi gani. Miaka miwili iliyopita Rispah, Mkenya wa Quakers Hill anayewatafutia watu kazi za usafi, alimpigia simu kumwambia kuna nafasi ya kusafisha vyombo vya majini na vya angani. Simu ikakatika kwenye neno "vyombo".

Anwani ikaja kwa ujumbe, na siku ya kwanza akafika na sifongo, aproni na sabuni ya sahani.

"Nilijua ni restora," anasema, akicheka mpaka barakoa inamshuka. "Nikauliza, masahani iko wapi? Boss ananionyesha sous-marin, meli ya kuzama chini ya maji! Nikasema, Yesu wangu, hii nitaiosha kwa sinki gani?"

Rispah hajitetei. "Nilitaka tu kumtolea Kiswahili sanifu, si unajua vile hutucheka sisi Wakenya. Ningesema ships, mambo yangeisha."

Kimoja hakikumchekesha. Mwisho wa ukumbi kuna helikopta ya jeshi, mapanga yake yamefungwa kamba. Wiki tatu za kwanza Léonie aliipita akitazama sakafu. Mara ya mwisho kuiona helikopta kwa karibu alikuwa msichana, anakimbia vita katikati ya mihogo, mama yake Goreth akimvuta mkono.

Woga ulimtoka kidogo kidogo, akiifuta vumbi. "Haina engine. Ni bati na viti. Nilitoa buibui mmoja tu, basi."

Goreth, sasa mwenye miaka 71, bado anao woga huo. Kipindi hiki cha kufungiwa ndani, helikopta za polisi hupita juu ya mitaa ya magharibi mwa jiji. Kila moja ikipita, bibi huyu hujifungia bafuni akiwa amekumbatia mkoba wa makaratasi yake muhimu. Chakula hakipiti, hata uani hatoki.

Zamu za Léonie zimepungua kutoka siku tano hadi mbili, na siku zilizobaki anakaa nje ya mlango wa bafu akimbembeleza. "Naogopa woga utaniulia maman kabla korona haijamwona," anasema, na hapo hacheki.

Ndiyo maana siku zake mbili ni za ndoto. Akifuta kile chombo cha angani, kidogo kuliko jiko lake, kwa brashi laini bila tone la maji, anamwona mama yake akitembea kati ya ndege katika kitenge cha Jumapili. Anaifikia helikopta, anaweka kiganja, nayo haitoi sauti. Huzama humo hadi mlinzi akohoe.

Bosi amekubali: wiki ya kufungua milango, nusu saa kabla ya wageni, Goreth ataingizwa. Goreth mwenyewe alikataa katakata.

Jumapili moja mwezi uliopita, Léonie alimsimulia kisa cha sifongo, alichokuwa amekificha kwa aibu. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza, "Na ile helikopta, nani anaiosha?"

"Ni mimi, maman."

"Basi usiimalize yote. Uniachie kipande."

Tangu siku hiyo Léonie anaifuta helikopta yote, isipokuwa mlango. Vumbi lake linazidi kunenepa, na bosi ameambiwa asiliguse.