Koti la Papa Faustin

Papa Faustin wa Bihambwe, juu kwenye milima ya Masisi, hakuamini hali ya hewa. Aliamini uvivu. Ukimwambia mahindi yako yamedumaa kwa baridi, atakuuliza ulipanda lini na uliamka saa ngapi. Ukimwambia ukungu umeozesha viazi, atatazama viganja vyako. Mvua ilipozidi upande wa Walikale, alisema watu wa kule msituni wameiendekeza. Miaka arobaini alilima maharagi kwenye mteremko wake, amevaa koti zito jeusi asilolivua hata mchana, na hakuwahi kujiuliza kwa nini analivaa.

Mwaka 1969 binti yake Colette alichumbiwa na Théophile, mwalimu wa shule huko Kirotshe, kule chini kando ya ziwa. Padri alishakubali siku yoyote baada ya Noeli. Ikabaki kupanga sherehe. Faustin akamwambia Papa Damien, baba wa kijana: "Tupande wote siku moja, kesho yake ya Mutakatifu Mikaeli, mwisho wa mwezi wa tisa. Siku maharagi itaiva, mukuje muchukue bibi yenu. Mutakula maharagi mupya ya mukono yangu."

Damien akakubali. Tarehe gani tena iliyo wazi kuliko hiyo? Waliagana wakicheka, wazee wawili ambao hakuna aliyewahi kuvuna kwa mwenzake.

Siku tatu baada ya Noeli, Faustin alikuwa akisimamisha miti ya kutambazia maharagi shambani aliposikia nyimbo zinapanda mlima. Walikuwa watu ishirini wa Kirotshe, wamevaa mashati mepesi, na mitungi ya pombe ya ndizi na magunia mawili kichwani. Usiku walikuwa wamelala njiani, huko Mushaki, na hata katika kuimba meno yao yaligongana. Walipofika shambani, wimbo ulikatika. Maganda yote yalikuwa ya kijani.

"Papa Faustin," Damien akauliza polepole, "ulipanda lini?"

"Siku ile tulisema."

"Ya kwetu tulishavuna. Iko mu gunia."

Faustin aliona haya mpaka masikioni. Swali la ulipanda lini lilikuwa lake. Miaka arobaini aliwauliza wengine, na hakuna aliyethubutu kumuuliza yeye. Damien naye aliona anachezewa, kwamba huenda kuna mchumba mwingine amefichwa mahali. Wenyeji wakasimama upande mmoja wa ua, wageni upande wa pili.

Théophile akajaribu kuwapatanisha. "Papa, haiko kosa ya muntu. Kila ukipanda mulima, baridi inazidi. Na kwetu ziwa inatunza joto ya muchana, usiku inaturudishia. Njo maana mbegu ya chini inaiva mbele."

Faustin akatazama juu, kisha akamtazama mkwe. "Huku juu njo karibu na jua. Halafu ninyi ba chini njo inawachoma zaidi?"

Watu wa Bihambwe wakatikisa vichwa kukubali, na hata wageni watatu wanne.

"Basi tuache maneno," Damien akasema. "Tulileta gunia mbili ya maharagi ya zawadi. Tupike hizi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baba wa bibi arusi awalishe wakwe maharagi ya wakwe? "Afazali murudi kwenu," Faustin akasema, "mungoje yangu."

Damien akaamuru mitungi inyanyuliwe. Faustin alimpenda Colette kuliko maharagi yote ya Masisi, ila hakuwahi kulazimika kuchagua mbele ya watu, na sasa ulimi ulikataa kurudi nyuma.

Colette akatoka nyumbani na gauni lake jeupe, macho yamejaa machozi na hasira. "Papa, toa ile koti."

"Koti?"

"Toa, usimame hapa na hawa bageni. Kama baridi njo uvivu, tutaona."

Akalivua. Angefanya nini? Ukungu ulikuwa unashuka, na upepo ukampitia shati. Alisimama wima kama askari, mikono mgongoni, watu wote wakimtazama. Alivumilia vizuri mpaka pale kidevu chake kilipoanza kutetemeka, na meno yake yakaingia katika kazi ileile ya meno ya wageni.

"Mama Vestine," akamwita mkewe, "bandika sufuria. Pika ile ya ba chini."

Colette akaolewa. Faustin alikula sahani mbili.

Mwishoni mwa Januari alishuka Kirotshe na gunia la maharagi mapya, wakati kule ziwani yaliyobaki yalikuwa na wadudu. Jasho lilimtiririka. Damien alimpokea mlangoni akitabasamu.

"Papa Faustin, umechelewa."

"Miye sikuchelewa," Faustin akasema. "Mulima njo ulichelewa."

Kisha akavua koti mwenyewe, akampa Colette alitundike, akaomba maji.