Wifi Yangu Mkandaji na Mafuta ya Moto

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mkandaji, na ana mdomo. Chumba chake kiko nyuma ya saluni: benchi refu lililofunikwa nailoni, taulo, ndoo, na kichupa cheusi ambacho haruhusu mtu mwingine akiguse. Ndani mna mafuta ya mbegu za habasoda. Si yale ya kukamua ambayo watu hunywa kwa kijiko. Haya yametolewa kwa mvuke, makali kwelikweli. Tone moja huzimuliwa kwa kijiko kizima cha mafuta ya kupikia, ndipo lipakwe. Ndivyo alivyoelekezwa na muuzaji, na mwanzoni alifuata.

Wateja ndio waliomharibu. Asipowaunguza, walinung'unika kwamba wametoa hela bure. Basi akajitungia kipimo: anaongeza matone hadi mteja aseme, "Basi, basi, imeingia." Akisikia hivyo anaacha, anafuta. Haki yake nimpe, viuno na magoti ya watu aliyanyoosha.

Mume wangu ni fundi cherehani, ile ya kupiga kwa miguu, na ana sukari. Miguu ilipoanza kufa ganzi akataka kwenda kwa dada yake, maana bila miguu hakuna kazi. Nikamwambia apite kwanza zahanati. Akanijibu, "Mke wangu, huyu kanilea mgongoni, leo nimwogope?"

Yaliyotokea chumbani kanisimulia wifi mwenyewe, akilia. Alipaka, akasugua, akauliza, "Kaka, imeingia?"

"Bado."

Akaongeza. "Na sasa?"

"Wala sisikii kitu."

Akamtania kwamba ana ngozi ya kiboko, akamimina bila kuzimua, akafunga kitambaa ili dawa izame. Mguu uliokufa ganzi utasikiaje moto? Hilo halikumjia kichwani, mjuaji yule.

Nilipofungua kitambaa nyumbani, kisigino kilikuwa malengelenge matupu. Yakapasuka, kidonda kikachimba, kikanuka. Hospitali wakakata chini ya goti. Daktari alisema mafuta yale hayapakwi hivihivi, na mguu usio na hisia haupakwi kabisa.

"Ni sukari, dada," mume wangu alimwambia akiwa kitandani. "Usijitie uchungu."

"Ni wewe," nikamwambia wifi mimi, mbele ya wauguzi, na sikujuta.

Wifi akafunga chumba chake cha kukandia. Nyumbani nako cherehani ikakaa kimya, kwa kuwa mguu uliobaki nao hauna nguvu ya kusukuma pedeli. Siku moja natoka sokoni, nasikia mashine inafanya kazi. Nikaingia. Wifi alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kakiinamisha chini ya meza, anasukuma pedeli kwa mikono, na kaka yake anaongoza kitambaa.

"Taratibu, dada, hapa pana kona."

"Haya, kaka."

Sasa anakuja kila asubuhi. Hatusalimiani. Sijamsamehe, na sijui kama nitaweza. Lakini akichelewa, natoka mlangoni kumtazamia, maana asipokuja hatuli.