Aprili Mbili za Ndege wa Matete

Malori ya udongo yalikuwa yameshajaza nusu ya bwawa tulipofika Jumamosi ile ya Aprili. Bwawa lenyewe liko kati ya Ruiru na Juja, nyuma ya lililokuwa shamba la kahawa, na mwenye ploti alikuwa na haraka. Miaka tisa nimekuja hapa kila wikendi kutazama ndege. Mimi nauza simiti Ruiru, kwa hiyo siwezi kujifanya sipendi watu wajenge. Lakini hapa sikuwa tayari, hata kidogo.

Afisa wa mazingira alikuwa ametuambia jambo moja tu. Kuna ndege mdogo wa matete, rangi ya vumbi, anayepitia kwetu Aprili akirudi Iraki kuzaa, na waliobaki duniani ni wachache. Tukimletea rekodi ya huyo, angejaribu kusimamisha malori. Tusipomletea, basi.

Katika kikundi chetu cha kutazama ndege tulikuwa tumebaki wawili: mimi na nesi mstaafu kutoka mtaa wa Landless, mama wa miaka sabini na kitu. Wenzetu walikuwa wamekata tamaa. Na tulikuwa na sheria: ndege haandikwi katika kitabu chetu cha rekodi mpaka aonwe na watu wawili. Niliileta mimi, kwa sababu ya jamaa mmoja wa Kahawa Wendani aliyekuwa akiona tai wa ajabu kila alipoingia kichakani kujisaidia. Niliipenda sheria hiyo kupita kiasi, na kitabu nilikikagua mimi.

Saa moja u nusu nilimwona. Alipanda juu ya tete, mdomo mrefu mwembamba, kijistari cheupe juu ya jicho, akaimba kidogo akazama. Mama alikuwa ng'ambo ya pili akitazama keremkerem, wale ndege wala nyuki, waliokuwa wakipita juu kuelekea kaskazini. Nilimwita kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, kisha kama mtu anayeibiwa. Alipofika, tete lilikuwa tupu.

Tulingoja. Saa mbili lori la kwanza likamwaga mzigo wake, na matete ya upande ule yakalala chini. Likaja la pili.

"Mama, si useme tu umemwona?"

"Nimeona majani ikitingika."

"Mimi nimemwona! Unanijua, siwezi kudanganya."

"Najua. Na mimi pia siwezi, kijana yangu. Keti chini, unatisha ndege."

Nilienda kusimama kando nikamwomba Mungu kwa hasira, jambo ambalo najua si adabu. Nilimwambia huyu ni kiumbe wake, si wangu, afanye kitu. Lori la tatu likarudi nyuma hadi ukingoni.

Saa nne kasoro mama akaninyooshea mkono bila kugeuka. "Wee, kuja. Polepole. Ngai, ni huyu!"

Alikuwa yeye. Tulimwona wote wawili, kijistari na mdomo na kila kitu, tukaandika. Nilimkumbatia mama nusura tuanguke majini.

Jumatatu tulikuwa ofisini kabla mlango haujafunguliwa. Afisa alisoma, akafurahi. "Kazi safi. Sasa nionyesheni wa mwaka jana. Mmoja tu, watasema alipotea njia. Wakiwa wa Aprili mbili, hapo nina kitu cha kusimamia."

Nilifungua kurasa za mwaka jana bila hofu, maana sikukumbuka chochote. Ndege huyo alikuwepo. Tarehe, saa, mawingu, yote kwa mwandiko wa mama, safi kama wa kadi ya kliniki. Juu yake kulikuwa na mstari mwekundu ulionyooshwa kwa rula, na pembeni maneno yangu: ameonwa na mtu mmoja.

Hapo nikakumbuka. Siku ile nilichelewa, nikamkuta mama uso umemng'aa. Nilimuuliza mbele ya wenzetu ni nani mwingine aliyemwona. Akasema ni yeye peke yake. Nikacheka, nikamwambia uzee unachezea macho. Hakulitaja tena jambo hilo, na Jumamosi iliyofuata alikuja kama kawaida.

"Huyu amekatwa," afisa akasema. "Nani alimkata, na kwa nini?"

Nilifunika maneno yangu ya pembeni kwa kidole.

"Ni sheria yetu," mama akasema. "Tuliiweka sisi wote, na siku hiyo nilikuwa peke yangu."

Afisa alifunga kitabu taratibu. Alisema rekodi iliyokatwa na wenyewe hawezi kuipeleka mbele, na bila hiyo hawezi kusimamisha malori, na kweli alionekana ameumia.

Nje, kwenye ngazi, nilimwambia mama ile haikuwa sheria yetu. Ilikuwa yangu.

"Najua," akasema. "Lakini sikutaka uaibike mbele ya watu."