Mama Aliyekataa Kungoja Nje

Amefariki yule fundi cherehani wa Buruburu. Habari ilinikuta Makadara, nikalia barabarani bila haya. Alikuwa na ugonjwa wa akili, hakuuficha, na ukimwonea huruma alikukaripia.

Kituo kinachotunza wagonjwa wa akili mtaani kilimwingiza kwenye kamati yake, ambayo nami nimo. Nakiri, tulimtaka kwa ajili ya picha. Kila kikao alitoa ushuhuda, tukampigia makofi, akanywa chai, kisha mwenyekiti akasema kwa sauti tamu, "Mama, tungojee nje kidogo, sasa tunaingia kwenye maamuzi." Mara tatu alitoka, na mara zote tatu mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Nilijiona muungwana kweli!

Mara ya nne hakuinuka. Siku hiyo tulikuwa tukiamua kama kile chumba cha kufungia wagonjwa waliochachamaa kibaki au kiondolewe.

"Siendi," akasema. "Humo ndani nililala mimi, si nyinyi. Leo mtanitoa mkinibeba."

"Mama, tulia. Umekunywa dawa leo?" mwenyekiti akauliza.

"Nimekunywa. Na wewe je?"

Aki, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Yeye hakucheka. Alisema dawa zake humlemea asubuhi, nasi tunaita vikao asubuhi, halafu tunamwona amesinzia na kusema hawezi kazi ya kamati. Vikao vyote vile hakuna aliyemuuliza. Tukahamishia vikao alasiri. Kile chumba kilikoma kufungia watu, kwa kura moja zaidi, na kura hiyo ilikuwa yake. Leo kina vyerehani, na wagonjwa wanashona humo mlango ukiwa wazi.

Kwenye mazishi mwenyekiti alimwita "mgonjwa wetu mpendwa". Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado. Alikuwa mwanakamati, bwana! Sasa wanataka kiti chake wampe wakili fulani, eti mpaka apatikane mgonjwa anayejiweza. Anayejiweza kwa kipimo cha nani? Hao wanaoshona mle ndani wanajua kituo kile kuliko sisi sote, maana wao ndio wanaokula chakula chake na kumeza dawa zake.

Alhamisi alasiri naingia kikaoni na mmoja wao, mwanamke aliyefundishwa kushona na marehemu. Mwenyekiti akimwambia angoje nje, na aseme. Safari hii mlango sifungui.